Figo ya Mtani

Vijana wa chumba cha figo walipoandaa soda na keki za kuniaga, mmoja wao aliniambia niwaandikie kidogo juu ya kazi, wasije wakasahau. Nikamjibu kwamba mwenye umri wa kusahau ni mimi, wao bado wana akili zao. Lakini tangu nistaafu asubuhi zimekuwa ndefu hapa nyumbani Ukunda. Kuku wangu hawataki kupimwa presha, na mume wangu ameanza kunikwepa kwa sababu kila akikaa kitini namkagua vifundo vya miguu kama vimevimba. Basi naandika. Ya vyeo sitayagusa, vilikuja vimechelewa na havikunifundisha kitu.

Mimi ni Mtaita niliyezaliwa pwani. Baba alishuka kutoka milimani akapata kazi ya upishi katika hoteli moja ya Diani, nami nikazaliwa na kukulia hapa hapa, nikasomea uuguzi, nikarudi kufanya kazi hospitali yetu ya upande wa Msambweni. Wagonjwa waliniita Sista Wakio, na mpaka leo sokoni bado wananiita hivyo, hata wale ambao sikuwahi kuwachoma sindano.

Miaka yangu ya kwanza hatukuwa na mashine ya kusafisha damu. Figo zikimfeli mtu tulimwandikia aende Mombasa, avuke kivuko, asafishwe, arudi, na baada ya siku chache aanze safari upya. Wengi walichoka. Hawakusema wamechoka, waliacha tu kuja, na sisi tukapata habari kwa jamaa zao. Hiyo iliniuma sana, na ndiyo sababu mashine zilipoletwa huku kwetu nilikuwa wa kwanza kuomba kuhamishiwa chumba hicho.

Aliyenipokea ni Sista Maimuna wa Kombani, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini na macho ya kukamata wezi. Nilitarajia anionyeshe mashine. Badala yake alinipa kikombe kimoja cha chai kilichojaa maji, akaniambia hayo ndiyo maji yangu ya siku nzima, maana ndivyo wanavyoishi wagonjwa tunaokwenda kuwakaripia. Ulikuwa mwezi wa joto. Saa sita mchana nilikuwa nimeshamaliza kikombe na naitazama chupa ya dripu kwa tamaa. Jioni aliniuliza kama bado nina nia ya kumwambia mgonjwa ajizuie, nikamwambia nitamwambia, ila kwa adabu zaidi. Akaridhika.

Nyinyi vijana mmezikuta mashine mpya, hamjui tulivyohangaika. Mashine ya figo hunywa maji kuliko ng'ombe, na yanatakiwa yawe maji safi kabisa, wakati maji ya kisima chetu yalikuwa na chumvi ya kutosha kupikia wali. Machujio yalikuwa yakiziba, pampu zikikoroma, stima ikipotea katikati ya kazi. Hapo tulikuwa tukizungusha damu kwa mkono, polepole, huku tukimsimulia mgonjwa habari za harusi ya jirani ili asione nyuso zetu. Jifunzeni kuzungusha kwa mkono. Na jifunzeni habari za harusi.

Katika chumba hicho ndipo nilipomjua Bakari.

Bakari alikuwa fundi wa makuti. Mapaa mengi ya hoteli za Diani mnayoyaona yamesimama vizuri ni kazi yake na wenzake. Presha ilimla figo kimyakimya, kama inavyowala wengi, na siku alipoanguka kutoka kwenye ngazi watu walidhani ni jua. Alipoletwa kwetu miguu yake ilikuwa imejaa maji hata ukibonyeza kidole shimo linabaki. Alikuwa mpole, hakulalamika juu ya sindano, na kila siku alikuja na kikoi kilichopigwa pasi, kama mtu anayekwenda kuswali Ijumaa.

Siku moja nilipokuwa nikimfunga mkono alinieleza anachokitaka. Hakuzungumzia kupona. Alikuwa na binti mmoja, Mwanajuma, ambaye wakati huo bado alikuwa shule ya msingi. Baba yake Bakari alikufa mapema, na dada mkubwa wa Bakari aliozeshwa na jamaa wa mbali ambaye hata jina lake la nyumbani hakulijua. Dada yule alilia siku nzima ya harusi. Katika ndoa za Kiislamu baba ndiye humshika mkono bwana harusi akatamka kwamba amemwozesha binti yake, na Bakari hakuwa na haja nyingine duniani.

"Sista," akaniambia, "mimi siombi miaka mingi. Naomba nimwozeshe Mwanajuma kwa mkono wangu huu."

Mkono wenyewe ndio niliokuwa nimeushika, na sindano mbili ndani yake. Nilimwambia inshallah, ingawa mimi ni wa kanisani, kwa sababu sikuwa na neno lingine. Kwa mashine peke yake, na moyo wake ulivyokuwa umeanza kuchoka, miaka ya binti kukua ilionekana mbali. Alihitaji figo.

Mkewe alipimwa, damu haikuafiki. Ndugu zake walipimwa, mmoja akakutwa na kisukari ambacho hakujua anacho, mwingine na presha. Ndipo akatokea Nassoro.

Nassoro alikuwa mkulima wa mikorosho na minazi kutoka Mkongani. Aliingia chumbani kwetu na kapu la mihogo, akamtazama Bakari aliyelala na mirija, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka dirisha la dawa, "Bado hujafa? Mimi nimetoka Mkongani kwa ajili ya matanga, sasa umenitia hasara."

Nilikwenda kumtoa nje. Sista Maimuna akanishika mkono, akaniambia niwaache, hao ni watani. Mama yake Bakari na baba yake Nassoro walikuwa ndugu wa tumbo moja, na katika ukoo wao mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba hutaniana tangu kuzaliwa mpaka kaburini. Mtani wako atakutukana mbele za watu ucheke. Ataingia kwako achukue kuku, kanzu, chochote kilicho mbele yake, na huna ruhusa ya kununa. Na jambo jingine ambalo sikulijua: watani hawashukuriani. Kumwambia mtani ahsante ni kumfanya mgeni. Nilimtazama Bakari pale kitandani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa akicheka hata mashine ikapiga kelele.

Nassoro alipimwa, akaafiki kila kitu, akalalamika tu kwamba wamemtoa damu nyingi bila kumpa chai. Nairobi, palipokuwa na madaktari wa kupandikiza, aliketishwa mbele ya jopo la kumhoji, maana sheria inataka kuhakikisha kwamba figo haiuzwi na wala mtu halazimishwi. Nilikuwapo kama muuguzi wao kutoka nyumbani. Wakamuuliza kwa upole, kwa njia mbalimbali, kwa nini anataka kutoa kiungo chake. Nassoro akawaza kidogo.

"Huyu tangu utotoni hunichukulia vitu vyangu bila kuomba," akasema. "Hii ndiyo mara ya kwanza ameomba. Nikaona haya kumnyima."

Wanajopo walitazamana. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa kati yao, naye nadhani alikuwa mtu wa pwani, akainamisha kichwa kuficha kicheko. Wakapitisha.

Operesheni ilikwenda vizuri. Figo ilianza kutoa mkojo mezani hapo hapo, na daktari mpasuaji alifurahi kama aliyechimba kisima. Wote wawili walirudi kusini, Nassoro shambani kwake, Bakari nyumbani kwake karibu na Msambweni, na kazi yangu halisi ikaanza.

Niwaambie hili nanyi mlirudie kwa kila mgonjwa mpaka awachoke. Kupandikiza figo ni mwanzo wa safari. Mwili haukomi kuiona ile figo kama mgeni, siku zote unatafuta namna ya kuifukuza. Kwa hiyo mtu anakunywa dawa za kuutuliza mwili, asubuhi na jioni, kwa saa zile zile, maisha yake yote. Dawa ikipungua, mwili unaishambulia figo. Ikizidi, dawa yenyewe inaiunguza figo. Na liko tunda ambalo huizuia dawa isiondoke mwilini, ikajazana katika damu: balungi. Bakari aliambiwa hayo Nairobi, nikamwambia tena mimi, na mkewe nikamwambia mbele yake. Wakaitikia. Walikuwa watu waelewa.

Miezi ya kwanza vipimo vilikuwa vya kufurahisha macho. Halafu kreatinini, ile taka ya damu inayotuonyesha figo inafanyaje kazi, ikaanza kupanda. Kidogo, halafu zaidi. Daktari wetu alikunja uso. Sote tuliwaza jambo moja: mwili umeanza kuikataa figo. Akaanza kupanga safari ya kumrudisha Nairobi wakamtoe kijinyama cha figo wakitazame. Nassoro alikuwa amemsindikiza siku hiyo. Alisikia yote, akakaa kwenye benchi, hakutania hata kidogo. Hapo ndipo nilipoogopa.

Wakati Bakari anafunga vifungo vya shati niliona vidole vyake vinatetemeka, kifungo kinakataa kuingia. Nilishawahi kuona hilo kwa watu ambao dawa imewazidi. Nikamwambia daktari, naye akakubali tupeleke damu Mombasa ikapimwe kiasi cha dawa kilichomo kabla ya kuamua lolote. Majibu yangechukua siku kadhaa. Kukaa na kungoja ni jambo ambalo sikuliweza hata nilipokuwa kijana, basi siku yangu ya mapumziko nikaenda kumtembelea.

Nilikuta viatu vimejaa mlangoni. Kumbe tangu arudi na figo nyumba ilikuwa haikauki watu. Kila jamaa wa Mkongani, Majoreni na vijiji vya katikati alitaka kumwona kwa macho mtu aliyefufuka. Mgeni njoo mwenyeji apone, walikuwa wakisema. Nami nilikaribishwa mkekani kando ya bibi mmoja aliyetoka Mkongani. Alikuwa amefungua leso yake, ndani mna balungi kubwa la mti wa uani kwake. Akalimenya mwenyewe taratibu, akaondoa nyuzi nyeupe zote, akamkabidhi Bakari kipande mkononi. Kisha akakaa kumtazama.

Bakari akanitazama mimi. Halafu akasema bismillahi, akala.

Nanyi mtaniuliza kwa nini sikumpokonya. Kwa sababu nimelelewa pwani. Nilingoja mpaka bibi akaaga, akasindikizwa, akapotea njiani, ndipo nikamgeukia Bakari na maneno niliyokuwa nimeyaweka kinywani muda wote huo. Akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Sikula, sista," akasema. "Nimeonja tu, kwa heshima yake."

Nikamuuliza ameonja kwa heshima ya wangapi. Akainama. Ulikuwa msimu wa mabalungi, na Mkongani ndiko yanakojaa. Kila mgeni balungi lake, kila balungi kipande chake. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe kilikuwa kikimwagwa juu ya figo ya Nassoro.

Nikamwambia awakatalie basi. Mkewe ndiye aliyenijibu, na alinijibu kama mtu anayemweleza mtoto. Mtu akija kumtazama mgonjwa, akaleta chakula kwa mkono wake, mgonjwa akikataa hata kuonja, maana yake amemshuku. Amemwambia mbele za watu kwamba yeye ni mchawi. Na wakitangaza kwamba mabalungi yamekatazwa, na yote yanatoka Mkongani, basi upande mzima wa mama yake Bakari utakuwa umeitwa wachawi, hao hao waliompa figo. Bakari alikuwa tayari kufa kuliko kuwatendea hivyo. Hakulisema kwa majivuno. Alisema tu kwamba hawezi, na machozi yalikuwa yanamlengalenga, kwa sababu alijua vilevile anachokipoteza. Mwanajuma alikuwa uani akifua sare za shule.

Nilirudi nyumbani nimevunjika moyo. Elimu yangu yote ilikuwa imefika kwenye ule mkeka ikakwama.

Majibu ya Mombasa yalikuja yakathibitisha: dawa ilikuwa imejaa kwenye damu kupita kiasi. Daktari akapunguza dozi kwa muda, safari ya Nairobi ikaahirishwa, lakini akasema wazi kwamba hali ikiendelea hivyo figo haitafika mwisho wa mwaka. Nikampigia simu Nassoro nikamweleza kisa cha mabalungi. Akaniuliza kama mtu mwenye figo moja, lakini nzima, anaruhusiwa kula balungi. Nikamwambia yeye ale atakavyo, kwani hatumii dawa zile.

Alihamia barazani kwa Bakari na mkeka wake. Kila mgeni aliyeingia na leso au kapu, Nassoro alisimama akamvamia. Alilinyakua balungi kabla halijagusa mkono wa Bakari, akalimenya pale pale akilitafuna mbele ya mwenyewe. "Huyu nimempa figo," alikuwa akiwaambia. "Mnamletea yeye mabalungi, mimi mmeniletea nini?" Na kwa kuwa ni mtani akichukua cha mtani wake, hakuna aliyeweza kununa. Walikufa kwa kicheko. Bakari naye ilimbidi alalamike kwamba anaibiwa, na alilalamika vizuri sana. Heshima ya bibi ikabaki, balungi likaliwa, na hakuna aliyeitwa mchawi. Baada ya muda watu walikuwa wakileta mabalungi mawili mawili, waje kumwona Nassoro anavyonyakua. Yule mtu alikula mabalungi mpaka midomo ikambabuka. Nilimpa mafuta ya kupaka, akaniuliza kwa nini hao wa Mkongani hawakupanda maembe.

Kreatinini ilisimama, halafu ikaanza kushuka. Siku iliporudi pale ilipotakiwa nilijifungia chooni nikalia, kisha nikanawa uso, nikatoka kumkaripia mtu mwingine.

Miaka ikapita. Si wote niliowahudumia walibahatika hivyo, na sitawadanganya. Wengine figo ziliwaacha mapema wakarudi kwenye mashine, wengine tuliwazika, na kila jina ninalo kichwani. Lakini Bakari aliendelea. Alirudi kazini, safari hii akiwa chini akiwaelekeza vijana waliopanda juu ya paa. Nassoro alikuja kila mwaka kupimwa ile aliyobaki nayo, na kila mara aliuliza mbele ya foleni figo yake inaendeleaje huko ugenini, kama inalishwa vizuri au airudishe nyumbani. Bakari alimjibu kwamba figo imeomba isirudishwe, imechoka na mihogo. Kwa miaka yote hiyo sikumsikia hata mara moja akimwambia Nassoro ahsante. Nilimuuliza Bakari siku moja kama haimkeri. Akasema inamkera kila siku anapokwenda haja ndogo, lakini afanye nini, utani ndivyo ulivyo.

Mwezi wangu wa mwisho kazini nilipata mwaliko. Mwanajuma alikuwa anaolewa na kijana wa Majoreni, mwalimu. Ndoa ilifungwa uani kwa baba yake, chini ya turubai, nasi wanawake tulikaa barazani, tukaona na kusikia kila kitu. Nassoro alikuwa amesumbua tangu asubuhi. Alimwambia bwana harusi kwamba yeye ni nusu ya baba mkwe na anadai nusu ya heshima zote. Watu walikuwa wamecheka mpaka wamechoka.

Sheikh alipomaliza hotuba alimwita Bakari aje akae mbele ya bwana harusi, amshike mkono. Nilijisogeza. Nilikuwa nimeingoja saa hiyo karibu kama yeye. Bakari akainuka, kanzu nyeupe, mwili umejaa afya, akaenda mpaka mbele. Lakini hakukaa.

"Sheikh," akasema, "mimi ndiye baba, nami nimeweka wakili. Nassoro, nakupa uwakili umwozeshe Mwanajuma kwa niaba yangu."

Dini inaruhusu, baba anaweza kumpa mwanamume mwingine idhini hiyo. Ila hakuna aliyekuwa ameambiwa. Watu walianza kutabasamu, wakingoja mzaha uliopo nyuma yake. Nassoro naye alingoja, mdomo wazi, jibu lake likiwa tayari.

"Leo sikutanii," Bakari akamwambia.

Nassoro alikaribia polepole, akakaa, akaushika mkono wa bwana harusi. Alianza vizuri. Alipofika kwenye jina, Mwanajuma binti Bakari, sauti ikamkatika, na sheikh akamngoja. Sote tulimngoja.